Najashi: Mfalme Aliyekataa Kuwatoa Wageni Wake

Wanafunzi wapenzi, jina la Najashi mnalisikia kila mwaka katika darsa la sira, lakini wengi mnajua jambo moja tu, kwamba aliwapokea Waislamu. Jambo hilo halikuwa jepesi kwake.

Jina lake ni As'hama. Najashi ni cheo cha wafalme wa Habasha, dola ya Kikristo ya Aksum, iliyokuwa katika ardhi za Ethiopia na Eritrea za leo. Wasimulizi wa sira wanaeleza kuwa baba yake aliuawa kwa ajili ya ufalme, na yeye, angali mtoto, akauzwa utumwani kwa dirham 600. Ami yake aliyetawala akafa kwa radi, ndipo watu wakamtafuta mtoto yule wakamtawaza.

Mwaka 615, mateso ya Maquraish yalipozidi, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaelekeza wafuasi wake Habasha, kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Wa kwanza walivuka bahari kwa siri, wakiwemo Sayyidna Uthman na mkewe Bi Ruqayya (R.A.). Baadaye wanaume peke yao walizidi 80, pamoja na wanawake na watoto, wakiongozwa na Jaafar bin Abi Twalib (R.A.). Sisi wa Kyela, tunaopakana na Malawi kwa mto Songwe, tunajua kuvuka si kazi. Kazi ni kupata wa kukupokea ng'ambo.

Maquraish walituma wajumbe wawili, mmoja wao Amr bin Al-Aas, na shehena ya ngozi nzuri. Habasha ilikuwa soko lao, basi walitegemea urafiki huo. Wakapita kwanza kwa maaskofu, kila mmoja na zawadi yake, ili wamshauri mfalme awatoe wakimbizi bila kuwasikiliza. Hila hiyo ilikaribia kufaulu. Najashi akakasirika, akakataa kuwatoa watu waliomchagua yeye kabla hajawasikia. Jaafar akajieleza, akasoma mwanzo wa Surat Maryam, mfalme akalia hadi ndevu zikalowa. Kesho yake Amr akachokoza suala la Nabii Isa (A.S.). Jaafar hakuficha itikadi yake. Najashi akaikubali mbele ya maaskofu walionung'unika, akaamuru zawadi zote zirudishwe. Biashara ya Makka na ile heshima ya kupokea wajumbe wake havikumshinda.

Gharama ilikuja kutoka nyumbani. Watu wake walimwasi wakidai ameacha dini yao. Kabla ya kuwakabili, aliwaandalia Waislamu majahazi: akishindwa waondoke, akishinda wabaki. Fitina ile ikatulia. Mara nyingine alipoinuka mtu kumpokonya ufalme, kijana Zubeir bin Awwam (R.A.) alivuka mto juu ya kiriba kilichojazwa upepo akatazame vita, akarudi na habari ya ushindi. Bi Ummu Salama (R.A.), aliyekuwapo, ndiye aliyesimulia furaha ya siku ile.

Mwaka 628 Najashi aliwasafirisha wageni waliobaki kwa majahazi mawili, wakamkuta Mtume (S.A.W.) Khaybar. Amr naye akaja kusilimu. Najashi, aliyekwisha kusilimu, alifariki mwaka wa 9 Hijria, na Mtume akamswalia swala ya ghaibu kwa takbira nne. Kaburi linalonasibishwa naye liko Negash, Tigray. Msikiti wa hapo ulipigwa makombora vitani mwishoni mwa 2020.