Bi. Gerty Cori na Siri ya Ini

Wenzangu, tulipochagua masomo mwaka huu, mimi nilikuwa nimekwisha kujiandikisha na wale wanaoacha Fizikia. Ndipo nikamsoma mama huyu katika kitabu cha maktaba, nikaenda kufuta jina langu.

Gerty Radnitz alizaliwa Prague mwaka wa 1896. Baba yake alikuwa mkemia wa viwanda vya sukari. Alipofika miaka 16, umri wangu huu huu, aliamua kuwa daktari. Lakini wapi! Shule yake ya wasichana haikuwa imemfundisha Kilatini, Hisabati, Fizikia wala Kemia ya kutosha kumwingiza chuoni. Akajifungia na vitabu, akaziba pengo lote, na mwaka wa 1914 akaingia chuo kikuu. Huko alimpata Carl Cori. Walioana mwaka wa 1920, na 1922 wakahamia Marekani.

Kazi waliifanya pamoja, lakini mshahara je? Mjini St. Louis mume alikuwa profesa, mke msaidizi wa utafiti kwa malipo kidogo mno. Uprofesa aliupata 1947, mwaka ule ule waliopewa Tuzo ya Nobel. Hapo nilikasirika kweli.

Sasa tuje kwenye ini. Ukija shule bila kunywa chai, ini huvunja akiba yake ya glikojeni ili damu ipate sukari. Lakini glukosi hiyo huwa imefungwa na fosfeti, na ikiwa hivyo haiwezi kutoka kwenye seli. Kimeng'enya cha kuifungua kimekaa ndani ya chumba kingine cha seli kiitwacho endoplazimiki retikulamu, kwa hiyo lazima ipitishwe mlangoni kwanza. Mwaka wa 1952 Bi. Cori na mumewe walipima maini ya wagonjwa wa von Gierke, ugonjwa wa kurithi unaovimbisha ini la mtoto na kuipunguza sukari ya damu. Kwa baadhi yao kimeng'enya hicho kilikuwa karibu hakipo kabisa. Baadaye wataalamu wengine waligundua kwamba kimeng'enya chaweza kuwapo ila mlango ndio mbovu, na mtoto akaugua vile vile. Ghala limejaa, nyumba ina njaa!

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa uboho wa mifupa tangu 1947, akiongezewa damu mara kwa mara. Maabara hakuiacha. Alifariki Oktoba 1957.

Fizikia bado inanitoa jasho. Mtihani uliopita nilipata 41 kwa mia.