Waldemar Haffkine: Mgunduzi wa Chanjo Aliyesingiziwa

Waldemar Haffkine alizaliwa mwaka wa 1860 mjini Odessa, uliokuwa chini ya Dola ya Urusi. Baada ya kusomea elimu ya viumbe, alihamia Paris na kutafiti bakteria wa kipindupindu katika Taasisi ya Pasteur. Mwaka wa 1892 aliunda chanjo ya maradhi hayo, akajidunga yeye mwenyewe kwanza ili kuthibitisha usalama wake.

Mwaka uliofuata alikwenda India, ambako kipindupindu kilikuwa kikiangamiza watu, akachanja maelfu. Tauni ilipozuka Bombay mwaka wa 1896, alitengeneza chanjo nyingine kutokana na bakteria waliouawa kwa joto. Januari 1897 alijidunga tena, akashikwa na homa, akapona.

Sifa hizo hazikumkinga. Mwaka wa 1902, katika kijiji cha Mulkowal, Punjab, watu 19 waliochanjwa kutoka chupa moja walifariki kwa pepopunda. Haffkine alilaumiwa, akasimamishwa kazi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba dawa hiyo haikuharibikia katika maabara yake. Ilichafuliwa papo hapo kijijini, chupa ilipofunguliwa kwa koleo lililokuwa limeanguka chini. Hata hivyo, aliondolewa lawama mwaka wa 1907 tu, baada ya wanasayansi wenzake kumtetea hadharani.

Mwaka wa 1925 maabara aliyoianzisha Bombay ilipewa jina lake. Alifariki mwaka wa 1930 mjini Lausanne, Uswisi. Haki yake ilichelewa, lakini chanjo zake zilikuwa zimekwisha kuokoa wengi.