Mohamed Amin na picha zilizoitikisa dunia

Apitaye Obunga, kitongoji kilichoko kaskazini mwa mji wa Kisumu, hakosi kupokewa na harufu ya samaki wa kukaanga. Aghalabu samaki huyo si mzima. Kwa miaka mingi minofu ya mbuta ilikatwa viwandani ikasafirishwa hadi ng'ambo, nao uti wa mgongo pamoja na kichwa ukaletwa Obunga, ukakaangwa na akina mama na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Mwenye kisu ndiye aliyeamua nani ale nini.

Naanza na samaki, msomaji mpenzi, kwa sababu mambo ya filamu hayako mbali na hayo. Picha za tukio zikiisha kupigwa, hapana budi mtu aketi azikate, abakishe vipande vichache na kuviunganisha, vilivyosalia aviweke kando. Kile alichokibakisha ndicho walimwengu watakachokijua. Katika Afrika Mashariki, sijui maisha yanayotufunza jambo hili vizuri zaidi kuliko ya hayati Mohamed Amin.

Alizaliwa mtaani Eastleigh, jijini Nairobi, mnamo Agosti 1943, mwana wa mfanyakazi wa reli. Utoto wake ulihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoshika kamera akiwa angali mwanafunzi. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini tu, alianzisha kampuni ya Camerapix. Mapinduzi ya Zanzibar yalipozuka Januari 1964, alikuwa miongoni mwa waliozileta picha zake kwa walimwengu. Kazi hiyo haikumpatia marafiki peke yake. Mwaka 1966 alitiwa kizuizini huko Visiwani kwa muda wa karibu mwezi mzima, na baadaye akahamia Nairobi, ambako aliendelea kuyapigia picha mashirika ya habari ya ng'ambo, hasa Visnews la London.

Wakazi wa pwani ya Ziwa Viktoria wanayo sababu yao ya kumkumbuka. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Amin alifika upesi na kamera yake, akazinasa dakika zile za msiba. Picha hizo zilimletea tuzo Uingereza, lakini thamani yake kwetu haipimwi kwa tuzo. Mboya alirudishwa kwao, akazikwa kisiwani Rusinga. Mwanafunzi wa Rusinga au Obunga aliyezaliwa miongo mingi baadaye hana njia ya kuiona siku ile ila kwa macho ya waliokuwapo. Pasipo picha, msiba hugeuka uvumi, na uvumi humfaa zaidi yule aliye na jambo la kuficha.

Jina lake lilienea dunia nzima mwaka 1984. Mwezi Oktoba aliingia kaskazini mwa Ethiopia pamoja na Michael Buerk, mwandishi wa BBC, wakafika Korem na Mekele, ambako maelfu ya watu walikuwa wakifa kwa njaa. Taarifa yao ya takriban dakika saba ilionyeshwa tarehe 23 Oktoba. Inakadiriwa kwamba vituo vipatavyo 425 viliirusha, na mamia ya mamilioni ya watu wakaitazama. Mwanamuziki Bob Geldof alikuwa mmoja wao. Akawakusanya wenzake wakarekodi wimbo wa kuchangisha fedha mwaka huo huo, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa London na Philadelphia. Serikali zilizokuwa zimefumba macho zikalazimika kuyafumbua.

Hapa ndipo tunapopaswa kukumbuka kisu cha mwuza minofu. Wakosoaji wamesema, nami naona hawakukosea, kwamba watazamaji wengi wa ng'ambo waliona njaa wasione vita. Ukame ulikuwapo, lakini kulikuwa pia na utawala wa kijeshi wa Mengistu uliokuwa ukipigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na vita hivyo viliyafanya makali ya njaa yazidi. Katika dakika saba mambo hayo hayakupata nafasi ya kutosha. Kwa miaka mingi baadaye, Ulaya iliendelea kuitazama Afrika kama mtoto mwenye mbavu zilizotokeza. Minofu ililiwa ng'ambo. Mgongo wazi ukatubakia sisi.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bila Amin kulikuwa na ukimya, na ukimya ungaliua wengi zaidi. Tena yeye mwenyewe hakuiona Afrika kuwa njaa tupu. Alitoa vitabu vya picha juu ya Kenya, juu ya watu wa Ziwa Turkana, na juu ya Hija ya Makka. Lawama ya picha moja kugeuzwa sura ya bara zima ni ya wale waliochagua kutazama hiyo pekee.

Mwezi Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake, mnasa sauti John Mathai, akafa; Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wengi wangalistaafu. Yeye alitiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Mauti yalimfika tarehe 23 Novemba 1996, alipokuwa akirejea Nairobi kutoka Addis Ababa. Ndege ya Shirika la Ethiopia ilitekwa nyara, ikaishiwa na mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walifariki, naye akiwamo.

Walimu, mnapowaonyesha wanafunzi filamu ya matukio halisi, msiridhike kuwauliza wameona nini. Waulizeni ni kipi ambacho hakikuonyeshwa, na ni nani aliyekikata. Nanyi wanafunzi, msijifunze kupiga picha tu, kwani siku hizi kila mwenye simu anapiga. Jifunzeni pia kuzikata na kuziunganisha. Habari za Obunga zikiendelea kukatwa na watu wasioijua Obunga, msishangae mkiletewa mifupa.