Vasco da Gama na machungwa ya Mombasa

Jina la Vasco da Gama wengi wetu tumelisikia tangu utotoni. Aliyesoma Mombasa, Unguja au Dar es Salaam atakumbuka kuwa ndiye Mreno wa mwanzo kufika pwani yetu kwa kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika. Aliyewahi kutembea Malindi ameiona nguzo yake ikikabili bahari. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao shuleni hautajwi sana. Bwana huyu aliyetisha miji kwa mizinga nusura safari yake imalizwe na kitu kidogo mno: tunda lililokosekana ndani ya meli.

Alizaliwa Sines, mji mdogo wa pwani ya Ureno, katika miaka ya 1460. Baba yake, Estêvão, alikuwa mtumishi wa ufalme. Tarehe 8 Julai 1497 Vasco aliondoka Lisbon na meli nne, akiwa na watu kama 170. Nahodha wa meli ya pili, São Rafael, alikuwa kaka yake, Paulo. Amri ya mfalme ilikuwa moja: tafuta njia ya bahari ya kufika India, kwenye pilipili na viungo.

Chakula cha meli kilikuwa biskuti ngumu, nyama na samaki wa chumvi, nafaka kidogo na mvinyo. Vyote hivyo vinashiba tumbo na vinakaa miezi bila kuoza, lakini vitamini C ndani yake hakuna. Baada ya visiwa vya Cape Verde walikaa baharini miezi mitatu bila kuona nchi. Wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwezi Novemba, wakapanda na pwani ya mashariki, na Januari 1498 wakatia nanga kwenye mto wa Quelimane, Msumbiji ya leo. Hapo ndipo ugonjwa ulipojitokeza waziwazi. Mikono na miguu ya mabaharia ilivimba, fizi zikaota nyama mpaka zikafunika meno, wakawa hawawezi kutafuna. Wengine walikufa.

Ugonjwa huo kwa Kiswahili tunauita kiseyeye. Hebu tuuelewe, maana si wa mabaharia tu.

Mwili wa binadamu umeshonwa kwa nyuzi za protini inayoitwa kolajeni. Ndiyo inayoshika fizi, ngozi, mifupa na kuta za mishipa midogo ya damu. Bila vitamini C mwili hauwezi kuikaza kolajeni ikawa imara. Kwa hiyo mishipa midogo inapasuka, fizi zinatoka damu, meno yanalegea, vidonda haviponi, na hata kovu la zamani linaweza kufunguka. Mbuzi anajitengenezea vitamini hii mwenyewe mwilini, ndiyo maana hali chungwa wala hapati kiseyeye. Sisi wanadamu hatuwezi. Lazima tule, na akiba tuliyonayo haikai sana: mtu asiyepata kabisa huanza kuonyesha dalili baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu.

Sasa rudi kwenye safari. Tarehe 7 Aprili 1498 meli za Vasco zilifika nje ya bandari ya Mombasa. Sultani wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Hayo ndiyo mapokezi ya pwani: mgeni kwanza apewe chakula. Kilichotokea kiliandikwa na mmoja wa Wareno waliokuwamo melini. Wagonjwa wao wakapona. Yeye alimshukuru Mungu, kisha akaandika kuwa sababu ni hewa nzuri ya mji ule.

Hewa! Dawa walikuwa wameishika mkononi, wakaimenya, wakaila, kisha sifa wakaupa upepo.

Urafiki wa Mombasa haukudumu. Vasco alishuku kuwa anawekewa mtego, akaondoka tarehe 13 Aprili, na siku ya pili yake akafika Malindi, ambako mtawala alimpokea vizuri kwa sababu alikuwa na uhasama wake na Mombasa. Akapewa rubani wa kumvusha mpaka India. Hapa Imarati wengi wamesimuliwa kuwa rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari aliyezaliwa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali, na wengi wao wanaona alikuwa mtu wa Gujarat. Vyovyote vile, rubani aliijua kazi yake. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na pepo za kusi zikiwa zinaanza, na baada ya siku 23 tu walikuwa ng'ambo. Tarehe 20 Mei walifika Calicut. Hakuna kiseyeye kilichozuka njiani, kwa sababu wiki tatu hazitoshi kumaliza akiba ya mwili iliyojazwa kwa machungwa.

Hapo pana jambo ambalo wazee wetu wa majahazi walilifuata bila kujua vitamini ni nini. Mtu wa Sur au wa Lamu hakuvuka bahari kwa ubishi. Alingoja kaskazi imlete Afrika, akangoja kusi imrudishe Arabuni au India. Safari ikawa ya wiki chache, na njiani kuna bandari, maji na matunda. Kalenda ya pepo ilikuwa pia kinga ya afya.

Vasco hakungoja. Huko Calicut mambo yalimharibikia, biashara haikwenda, ugomvi na mtawala ukazidi. Mwisho wa Agosti akaondoka, na tarehe 5 Oktoba 1498 akaingia bahari kuu kurudi Afrika. Kusi imekwisha, kaskazi bado haijashika. Meli zikakaa juu ya maji yaliyotulia, au zikasukumwa na upepo wa mbele. Kivuko kilichochukua siku 23 wakati wa kwenda, kurudi kilichukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikarudi kwa nguvu. Watu 30 walikufa kwenye kivuko hicho, ukiacha wengine 30 waliokwisha kufa kabla yake. Kila meli ilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kuvuta kamba, na hao nao wagonjwa.

Tarehe 2 Januari 1499 waliiona pwani ya Mogadishu, na tarehe 7 wakafika Malindi. Safari hii hawakungoja hewa. Vasco alimtuma mtu nchi kavu akatafute machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana. Yakaletwa, lakini kwa baadhi yao muda ulikuwa umeshapita, wakafa palepale bandarini. Vitamini C huanza kurudisha nguvu ndani ya siku chache, lakini aliyekwisha vuja damu ndani kwa wiki nyingi huenda zisimtoshe.

Watu wakawa hawatoshi meli tatu zilizobaki. Karibu na Mtangata, upande wa Tanga, Vasco aliamuru São Rafael ichomwe moto, na mabaharia wagawanywe kwenye meli mbili. Meli ya kaka yake iliteketea si kwa vita wala kwa dhoruba, bali kwa kukosa mikono ya kuiendesha. Paulo mwenyewe aliugua njiani. Vasco alimpeleka kisiwa cha Terceira, katika visiwa vya Azores, akafia huko na kuzikwa huko. Vasco alifika Lisbon mwisho wa kiangazi cha 1499, akapokelewa kama shujaa. Zaidi ya nusu ya watu aliotoka nao hawakurudi.

Yaliyofuata pwani yetu inayajua. Mwaka 1502 alirudi na kundi kubwa la meli za vita. Kilwa alimlazimisha mtawala kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Karibu na India aliikamata meli ya mahujaji waliokuwa wakitoka Makka, akaichoma na mamia ya watu ndani, wakiwemo wanawake na watoto. Mwaka 1505 Wareno wenzake waliiteketeza Mombasa, mji uleule uliowapa wagonjwa wao machungwa. Vasco alirudi India mara ya tatu mwaka 1524 akiwa na cheo kikubwa cha kumwakilisha mfalme, lakini hakukaa. Alifariki Cochin mkesha wa Krismasi mwaka huohuo. Mifupa yake ilipelekwa Ureno mwaka 1539, na leo kaburi lake liko Lisbon.

Na ile khabari ya machungwa? Mabaharia waliijua kwa mdomo, lakini haikuwa kanuni ya safari. Miaka karibu 250 ikapita, na kiseyeye kikiendelea kuua mabaharia kwa maelfu. Mwaka 1747 daktari wa meli kutoka Uskoti, James Lind, aliwachukua wagonjwa 12 na kuwagawa wawili wawili, kila wawili akawapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza lilingoja mpaka 1795 ndipo likaanza kugawa maji ya limau. Vitamini yenyewe ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Albert Szent-Györgyi alipata tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi hiyo.

Ghuba nayo ilikijua kiseyeye. Wazamiaji lulu wa Dubai na miji jirani walikuwa wakikaa baharini miezi minne ya joto kali, chakula chao tende, wali na samaki. Tende ina sukari, potasiamu na nyuzinyuzi, ni chakula cha baraka, lakini vitamini C yake ni kama hakuna. Wali vilevile, samaki vilevile.

Leo anayeishi Deira au Al Qusais hana sababu ya kukosa tunda, masoko yamejaa matunda ya dunia nzima. Lakini angalia sahani ya mtoto: asubuhi mkate mweupe na jibini, mchana wali na kuku, jioni chipsi. Ni chakula cha melini hicho, ila kina moto. Madaktari bado wanakutana na kiseyeye mara mojamoja, hasa kwa watoto wanaochagua sana chakula na kwa wazee wanaoishi peke yao kwa chai na mkate. Mtoto anayelalamika maumivu ya miguu, akakataa kutembea, na fizi zikamtoka damu, apelekwe kwa daktari.

Kinachohitajika si kikubwa. Miongozo ya Marekani inasema miligramu 90 kwa siku kwa mwanamume, 75 kwa mwanamke, 120 kwa anayenyonyesha, na mvuta sigara aongeze 35. Chungwa moja la wastani lina kama 70. Pera lina zaidi ya hapo, na pilipili hoho na ubuyu navyo vimo. Vidonge vikubwa kila siku si lazima, na mwenye mawe ya figo aulize daktari kwanza.

Moto ni adui wa vitamini hii. Hata Lind aliharibu dawa yake kwa kuichemsha ili ikae muda mrefu. Kwa hiyo ndimu ikamuliwe juu ya mchuzi sahanini, isichemkie sufuriani. Ndimu kavu tunazotia kwenye machbous zinatoa ladha na harufu, lakini si badala ya ndimu mbichi. Faida nyingine: ndimu juu ya maharage, dengu au mchicha husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo, nayo chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Mwenye upungufu wa damu asogeze chai mbele saa moja au mbili.

Vasco da Gama alikuwa na ramani, mizinga na amri ya mfalme. Machungwa aliyapata bure, akayamaliza, wala hakuuliza kwa nini watu wake walipona. Aliporudi kuyatafuta mara ya pili, alikuwa ameshawazika wengi.