Otto Lilienthal, Mwanafunzi wa Korongo

Katika lugha yetu ya Kiswahili, kiumbe mwenye manyoya arukaye angani na chombo cha chuma kichukuacho abiria huitwa kwa jina moja, yaani ndege. Waliokipa chombo hicho jina la kiumbe hawakukosea hata kidogo, kwa kuwa safari ya mwanadamu kwenda angani ilianza kwa dhati pale alipokubali kuketi chini na kuwa mwanafunzi wa ndege. Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Otto Lilienthal, Mjerumani aliyejitupa kutoka vilimani mara zaidi ya elfu mbili akiwa amejifunga mabawa, na ambaye hatimaye upepo aliouchunguza kwa muda mrefu ndio uliomwangusha.

Lilienthal alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 katika mji mdogo wa Anklam, jimboni Pomerania, wakati huo chini ya ufalme wa Prussia. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa nguo, na mama yake alikuwa na elimu ya muziki. Kati ya watoto wanane waliozaliwa nyumbani humo, watatu tu ndio waliopona wakakua: Otto, ndugu yake Gustav, na dada yao Marie. Baba alifariki mwaka 1861, na mzigo wote wa kuwalea na kuwasomesha watoto hao ukabaki juu ya mabega ya mama.

Kando ya Anklam yako mabonde yenye majani na maji, na humo walikuwamo korongo weupe wengi. Wavulana wale wawili walizoea kuwatazama ndege hao wazito wakikimbia kuuelekea upepo, wakakunjua mabawa, kisha wakainuka taratibu bila ya kupiga bawa hata moja. Korongo hao si wageni kwetu. Kila kipupwe kinapoingia Ulaya, wengi wao huondoka na kufuata njia ya bonde la Nile mpaka nyika za Afrika ya Mashariki na nchi za kusini mwake. Mwaka 1822, katika jimbo la Mecklenburg lililo jirani na Pomerania, aliuawa korongo aliyekutwa na mkuki wa Kiafrika umempenya shingoni. Na ni ndege huyo aliyewasaidia wataalamu wa Ulaya kusadiki kwamba korongo husafiri mpaka bara letu. Hivyo mwalimu wa Lilienthal alikuwa ni msafiri anayezifahamu mbuga zetu.

Wangali vijana wadogo, Otto na Gustav walitengeneza mabawa ya kujifunga mikononi, wakayajaribu usiku ili wenzao wa shule wasipate kuwacheka. Mabawa hayakuwainua. Lakini Otto hakuiacha nia yake. Alisoma katika shule ya ufundi ya Potsdam, akafanya kazi ya mikono katika kiwanda cha mitambo mjini Berlin, kisha akaingia chuo cha ufundi cha mji huo na kuhitimu uhandisi mwaka 1870. Vita baina ya Prussia na Ufaransa vilipozuka mwaka huo, alikwenda vitani. Aliporejea alirudi kwenye kazi yake na kwenye hesabu zake za hewa.

Yatupasa kueleza kwamba Lilienthal hakuwa mtu wa ndoto tupu. Alijipatia riziki kwa uhandisi. Alibuni boila ya mvuke iliyokuwa salama zaidi kwa karakana ndogo, akafungua kiwanda chake mwenyewe mjini Berlin, na mwaka 1890 akaanza kuwagawia wafanyakazi wake robo ya faida ya kiwanda, jambo ambalo wenye viwanda wengi wa zama zile hawakulifikiria kamwe. Alipenda pia michezo ya kuigiza, akausaidia ukumbi mmoja wa Berlin uliouza tikiti kwa bei ambayo hata watu wa kipato kidogo waliimudu. Mwaka 1878 alimwoa Agnes Fischer, wakajaliwa watoto wanne.

Pamoja na shughuli hizo zote, yeye na Gustav waliendelea kuipima hewa. Walitengeneza chombo chenye mkono mrefu unaozunguka, wakakifunga vipande vya bawa vya maumbo mbalimbali, na kupima kwa makini nguvu ya hewa juu ya kila kimoja. Walithibitisha jambo ambalo korongo alikuwa akiwaonyesha tangu utotoni: bawa lililopinda kidogo kama mgongo wa kijiko huinuliwa na hewa kwa nguvu kubwa kuliko bawa lililo bapa kama ubao. Mwaka 1889 Lilienthal aliyachapisha matokeo hayo katika kitabu juu ya mruko wa ndege kama msingi wa ufundi wa kuruka. Wakati huo wataalamu wengi waliona kwamba kuruka kwa chombo kizito kuliko hewa ni kazi ya wachezaji wa maonyesho, wala si ya watu wenye elimu.

Lilienthal aliamua kwamba hesabu peke yake hazitoshi, na kwamba anayetaka kuujua upepo hana budi aingie ndani yake. Mwaka 1891, karibu na kijiji cha Derwitz, aliruka umbali wa mita 25 hivi. Haba na haba hujaza kibaba: mwaka 1893 alikwishafika vilima vya Rhinow, kaskazini magharibi ya Berlin, na huko aliweza kuelea mpaka mita 250. Mwaka 1894, huko Lichterfelde kando ya Berlin, alijengesha kilima cha udongo chenye kimo cha mita 15, kikiwa mviringo pande zote, ili upepo uvumapo kutoka upande wowote aweze kuukabili uso kwa uso.

Mabawa yake yalikuwa ya fito za mierebi zilizowambwa kitambaa cha pamba, na uzito wake ulikuwa kilo 20 hivi. Hayakuwa na mtambo wala usukani. Lilienthal aliyashika kwa mikono, akakimbia mteremkoni kuuelekea upepo, na miguu ilipoachana na ardhi akabaki akining'inia. Akitaka kwenda kushoto alirusha miguu kushoto. Bawa likiinuka mno kwa mbele, aliupeleka mwili mbele ili lishuke. Upepo upigao kilima hauna pa kupita ila juu, na yeye aliutegemea upepo huo upandao. Siku nyingine ulimshika hata akasimama hewani bila ya kwenda mbele wala nyuma, akawa anazungumza na watu waliosimama chini yake. Picha zake zilienea duniani kote, na kwa mara ya kwanza watu wengi waliona kwa macho yao kwamba mwanadamu aweza kuelea juu ya ardhi. Alitengeneza mabawa ya kuuza pia, akawauzia watu wa nchi kadhaa, miongoni mwao Percy Pilcher wa Uingereza na mtaalamu Nikolai Zhukovsky wa Urusi.

Hata hivyo, hewa ya vilimani haina ahadi. Mahali palipotulia sasa hivi, baada ya kitambo kidogo jua hupasha moto sehemu ya ardhi, na hewa ya hapo huinuka ghafula kama moshi wa tanuri. Macho hayaioni. Lilienthal aliifahamu hatari hiyo, na alifahamu pia kwamba kuongoza kwa uzito wa mwili kuna mpaka wake, kwani mabawa yakishainama sana kuelekea chini, mtu anayening'inia ana nguvu ndogo sana ya kuyarudisha.

Jumapili tarehe 9 Agosti 1896 alikwenda tena katika vilima vya Rhinow, kwenye kilima cha Gollenberg karibu na kijiji cha Stölln, akiwa pamoja na fundi wake. Jua liliwaka vizuri na siku haikuwa na dalili mbaya. Miruko ya kwanza ilikwenda salama. Katika mruko wa nne mabawa yalikamatwa na hewa, yakapoteza mwendo, kisha yakainama mbele. Alirusha mwili wake ili kuyainua, lakini hayakumtii. Alianguka kutoka kimo cha mita 15 hivi, akavunjika pingili ya tatu ya shingo. Alichukuliwa kwa gari la farasi mpaka kijijini, kisha kwa treni ya mizigo mpaka Berlin, na huko akafariki hospitalini siku iliyofuata. Umri wake ulikuwa miaka 48.

Habari za kifo hicho zilivuka bahari na kufika Marekani, ambako Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili watengenezaji wa baiskeli, walizisoma na kuanza kulifikiria upya jambo la kuruka. Walianza na hesabu za Lilienthal, wakazipima, na mwaka 1901 wakatengeneza hesabu zao wenyewe. Zaidi ya hayo, walielewa kwamba uzito wa mwili hautoshi kuongoza, wakabuni njia ya kuyapinda mabawa yenyewe. Tarehe 17 Desemba 1903 chombo chao chenye mtambo kiliruka. Pilcher hakuiona siku hiyo, kwani mwaka 1899 naye alianguka na kufa.

Mwaka 2016 wataalamu wa Ujerumani walitengeneza mabawa mfano wa yale ya Lilienthal na kuyapima katika tundu kubwa la upepo. Waliona kwamba yalikuwa imara na yaliweza kuelea kwa utulivu. Mtu huyo hakuwa mwenda wazimu aliyejirusha bila ya kujua alifanyalo. Na hata leo wale waelekeao kutoka migongo ya milima kwa mabawa ya kitambaa huining'iniza miili yao na kuongoza kwa uzito, kama alivyofanya yeye.

Sisi hatutaki kukisifu kifo chake, kwa kuwa kilimwacha mjane na watoto wanne wasio na baba, na hakuna uvumbuzi uwezao kuifuta hasara hiyo nyumbani. Tunalolisifu ni ile subira yake ya kupima kabla ya kuruka, na ukarimu wa kuyatoa aliyoyapima ili wengine waanzie pale alipoishia yeye. Msomaji atakapowaona korongo weupe wakizunguka juu ya mbuga zetu bila ya kupiga mabawa, na akumbuke kwamba mvulana mmoja wa Anklam aliwahi kusimama akawatazama hivyo hivyo, wala hakuchoka kuwatazama.