MZEE CLUSIUS NA VITUNGUU VYA MAUA

Leo tunapenda kuwaeleza maisha ya Charles de l'Écluse, ambaye wenye elimu wanamwita Clusius. Alizaliwa mwaka 1526 kule Arras, mji ambao leo ni wa Ufaransa. Alisoma kwanza sheria huko Louvain, kisha akafika Wittenberg, mji wa Luther, naye akashika imani ya Waprotestanti. Kule Montpellier alifuata masomo ya uganga, lakini roho yake ilipenda zaidi majani na maua.

Mwaka 1573 Kaisari Maximilian II alimwita Vienna kutengeneza bustani. Busbecq, aliyekuwa balozi kwa Waturuki, akampa mbegu na vitunguu vya tulipe. Kaisari alipokufa 1576, mwana wake hakuipenda kazi ile, na Clusius akaikosa.

Tulipe inachanua baridi inapokwisha. Ukipanda mbegu, utangoja miaka 5 ao 7 mbele ya kuona ua. Lakini kitunguu chenyewe kinazaa watoto pembeni, chini ya udongo, sawa vile mgomba wetu unavyozaa, na kila mtoto anafanana na mama yake. Usichimbue mapema, kwani majani mabichi yangali yanalisha kitunguu. Ngoja yakauke, kule Ulaya karibu mwezi wa sita. Tenga watoto, uweke pakavu, urudishe udongoni mwezi wa kumi ao wa kumi na moja. Pasipo baridi ya kutosha ua halitoki vizuri; njo maana kwetu hatuyaoni. Na vitunguu visipotengwa vinasongana, vinakuwa vidogo, maua yanapungua.

Clusius alifika Leiden, Uholanzi, mwaka 1593, mwenye miaka 67, akitembea kwa shida. Tulipe zake zilichanua 1594 katika bustani ya iniversite. Wezi waliingia wakachimbua vitunguu vyake. Hata hivyo maisha yake yote aliwatumia rafiki wa inchi nyingi mbegu na vitunguu bure. Alikufa Leiden mwaka 1609.

Na sisi wa darasa la sita? Mtihani wa Serikali unakaribia, na tumeanza kufichana makaratasi ya masomo. Hata sisi tunaoandika haya tulificha ya kemia juma lililopita. Jumatatu tutayaweka juu ya meza ya darasa. Anayetaka anukuu. Kitunguu kisichogawanywa kinasongwa na watoto wake mwenyewe.