Mtwa Mkwawa na Majeshi ya Nyanda za Kusini

Ukiulizwa kwa nini Mkwawa alishindwa, usitaje silaha duni kisha ukaweka kalamu chini. Utapata alama moja tu.

Mkwavinyika, maarufu kama Mkwawa, alizaliwa Uhehe takriban mwaka 1855. Enzi hizo Wahehe, Wasangu, Wabena na Wangoni walipigana mara kwa mara wakigombea ardhi, mifugo na watu. Baba yake, Munyigumba, aliunganisha koo za Uhehe na kulisukuma kundi moja la Wabena hadi bonde la Kilombero, wakaweka makao Utengule. (Usiichanganye na Utengule ya Usangu!) Ifakara nayo ilishikwa na Wambunga, waliopigana kwa mbinu za Kingoni. Bonde unalolijua kwa mpunga lilikuwa mpaka wa majeshi.

Munyigumba alifariki mwaka 1879. Mkwewe, Mwambambe, akatwaa madaraka; Mkwawa akakimbilia Ugogo, kisha akarudi na kumshinda.

Zingatia namna jeshi lake lilivyopigana. Wapiganaji waliongozwa na wazagila, viongozi wa maeneo. Walitumia zaidi mikuki na ngao, hivyo walijificha, wakangoja ishara, wakavamia kwa karibu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, msafara wa Emil von Zelewski ulipita umejipanga mstari mrefu. Askari wengi hawakupata nafasi ya kufyatua risasi ya pili. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Baada ya hapo Mkwawa alitegemea ngome yake ya Kalenga. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa kosa lake kubwa, kwa kuwa ukuta hauwezi kujificha porini. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliubomoa kwa mizinga na kuiteka Kalenga.

Sababu nyingine ni majirani. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Utengule ya Kilombero, alishirikiana na Wajerumani, na Merere wa Usangu vilevile. Kabla hujawaita wasaliti, kumbuka Munyigumba aliwatendea nini watu wao. Wakati huo hapakuwa na Tanganyika ya kusalitiwa.

Mkwawa aliendelea na vita vya msituni kwa karibu miaka minne, huku wananchi wakimficha na kumlisha ingawa kichwa chake kiliahidiwa rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi Mlambalasi. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa Kalenga mwaka 1954.